Kuitaja Hatari Isiyoonekana: Istilahi za Kiswahili kuhusu Metali Nzito katika Nta ya Nyuki na Mawasiliano na Wafugaji Nyuki wa Bujumbura

Ikisiri

Nta ya nyuki hutumika na kutumika tena ndani ya mizinga, na metali zinazoingia humo haziondoki kwa kuyeyushwa. Jambo hili linafahamika vyema katika maabara, lakini ujumbe wake humfikia mfugaji nyuki kupitia maneno ambayo yana maana nyingine katika maisha yake ya kila siku. Makala hii inachambua maneno matano ya Kiswahili yanayobeba ujumbe huo, yaani nta, metali nzito, risasi, sumu na safi, kwa kuyaangalia katika mazingira ya Bujumbura, ambako Kiswahili hukutana na Kirundi na Kifaransa. Makala inaonyesha kwamba kila neno kati ya hayo linaweza kumwelekeza msikilizaji kwenye hitimisho lisilo sahihi, na kwamba kosa hilo lina matokeo ya vitendo: chombo kisichofaa kuendelea kutumika, au nta ya zamani kurudishwa mzingani kwa sababu tu inang'aa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu istilahi pamoja na matini fupi ya maelekezo inayoweza kutumiwa na vyama vya ushirika na mamlaka za viwango.

1.0 Utangulizi

Katika ufugaji wa nyuki, asali huliwa ikaisha, lakini nta hurudi. Masega yaliyokamuliwa huyeyushwa, huchujwa na kugandishwa kuwa donge. Sehemu ya donge hilo huuzwa kwa watengenezaji wa mishumaa, sabuni na vipodozi. Sehemu nyingine hurudi kwa nyuki, ama kama chambo kinachopakwa ndani ya mzinga mtupu ili kuvutia kundi jipya, ama kama karatasi za nta zenye alama za vyumba, ambazo nyuki huzitumia kuwa msingi wa kujengea sega. Kutokana na mzunguko huo, donge moja la nta linaweza kubeba mabaki ya misimu mingi.

Afrika Mashariki ina sifa njema katika soko la dunia la nta. Kwa muda mrefu nta ya Afrika imethaminiwa kwa kuwa wafugaji wengi hawatumii dawa za kuua utitiri wa varroa, ambazo mabaki yake yamejaa katika nta ya Ulaya na Marekani. Aidha, katika mizinga ya asili sega zima huvunwa na nyuki hujenga jingine kwa nta mpya kabisa. Hata hivyo, sifa hiyo inahusu dawa. Haisemi lolote kuhusu metali, na inaweza kumfanya mfugaji au mshauri wa sera aamini kwamba nta ya eneo hili haina haja ya kuchunguzwa. Kadiri mizinga ya kisasa yenye viunzi inavyoenea pamoja na karatasi zake za nta, ndivyo mzunguko wa kuyeyusha na kurudisha unavyozidi kuwa mrefu.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na mwaka huohuo UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imepewa jukumu la kuratibu maendeleo ya lugha hii katika nchi wanachama. Hadhi hiyo ina maana pale tu Kiswahili kinapoweza kubeba maarifa yanayolinda afya na kipato cha wananchi. Metali katika nta ni mtihani mzuri wa uwezo huo, kwa kuwa ni hatari isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mfugaji hawezi kuiona, na anachokifahamu juu yake ni kile tu alichoambiwa.

2.0 Jinsi metali zinavyofika katika nta

Ili kuelewa kwa nini maneno yana uzito katika suala hili, ni muhimu kwanza kueleza njia ambazo metali hupitia. Njia hizo ni tatu.

Njia ya kwanza ni mazingira. Nyuki kibarua hutoa nta kupitia jozi nne za tezi zilizo chini ya tumbo lake, kwa kawaida akiwa na umri wa takriban siku 12 hadi 18. Nta inapotoka ni nyeupe na haina uchafu mwingi. Lakini nyuki wanaotafuta chakula huruka hadi kilomita kadhaa kutoka mzingani, na vinyweleo vya miili yao hunasa vumbi pamoja na chavua. Vumbi hilo, pamoja na gundi ya miti ambayo nyuki huikusanya, huingia katika sega. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba miili ya nyuki, gundi na nta huwa na metali nyingi kuliko asali yenyewe. Baada ya moto ulioteketeza paa la kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris mnamo tarehe 15 Aprili 2019, watafiti walipima asali ya mizinga ya mji huo, na wakakuta kwamba ile iliyotoka upande ambao moshi ulielekea ilikuwa na risasi zaidi. Vipimo hivyo vilibaki ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, lakini vilithibitisha kwamba mzinga huweka kumbukumbu ya hewa iliyouzunguka.

Bujumbura ina vyanzo vya namna hiyo. Kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliachwa kufikia tarehe 1 Januari 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua katika udongo wa kandokando ya barabara haiozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Hydrobiologia uliutaja mto Ntahangwa, unaopita katikati ya mji, kuwa ndio uliochafuka kuliko mito yote ya Burundi inayoingia katika Ziwa Tanganyika. Betri za magari na za umeme wa jua, ambazo ndani yake mna mabamba ya risasi, hufunguliwa na kuyeyushwa katika miji mingi ya eneo hili. Madhara ya kazi hiyo yalionekana wazi katika kitongoji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, ambako kiwanda cha kuchakata betri kiliwaathiri wakazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023, kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2024.

Njia ya pili ni vyombo. Nta huyeyuka katika nyuzijoto 62 hadi 65 za selsiasi, na takriban asilimia 12 ya uzito wake ni asidi huru za mafuta. Nta ya moto inapokaa katika chombo cha metali inayoathiriwa na asidi, asidi hizo huungana na metali na kutengeneza chumvi zinazobaki ndani ya nta. Chombo cha shaba huipa nta rangi ya kijani, na cha chuma huipa rangi ya kahawia. Rangi hizo ni onyo linaloonekana. Risasi haitoi onyo kama hilo. Inaweza kutoka katika viungo vilivyolehemiwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, katika mapipa yaliyokuwa na rangi au mafuta ya mitambo, au katika sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu. Utafiti uliofanywa Kamerun na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sufuria za aluminiamu zinazotengenezwa kwa chakavu huachia risasi katika chakula chenye asidi. Sufuria za aina hiyo hutengenezwa pia katika miji ya Afrika Mashariki. Asali nayo ina asidi, hivyo tahadhari hiyohiyo inahusu vyombo vya kukamulia na kuhifadhia asali.

Njia ya tatu ni mzunguko wenyewe. Dawa nyingine huvunjika kwa joto au kwa muda. Metali ni elementi, kwa hiyo haivunjiki. Kuyeyusha nta mara kumi hakupunguzi risasi iliyoungana nayo, na iwapo chombo kinachotumika ndicho chanzo, kila mara ya kuyeyusha huongeza kiasi. Msemo wa haba na haba hujaza kibaba unaieleza hali hii kwa usahihi kuliko istilahi nyingi za kitaalamu.

3.0 Vipimo na maana yake

Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu nta inayotumika kama kiongezi cha chakula, inayotambulika kwa namba E 901, zinaruhusu risasi isiyozidi miligramu 2 kwa kilo, aseniki isiyozidi miligramu 3 na zebaki isiyozidi miligramu 1. Kwa upande wa asali, Umoja huo uliweka mwaka 2015 kikomo cha miligramu 0.10 za risasi kwa kilo. Kikomo cha nta ni mara ishirini ya kile cha asali.

Namba hizo zinahitaji fasiri. Miligramu 2 kwa kilo ni sawa na gramu mbili katika tani moja ya nta, na miligramu 0.10 kwa kilo ni sawa na gramu moja katika tani kumi za asali. Kwa mfugaji anayevuna kilo chache, kiasi hicho hakiwezi kushikwa wala kupimwa kwa mizani. Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba kikomo cha E 901 kiliwekwa kwa ajili ya nta iliyomo katika vyakula, si kwa ajili ya karatasi za nta zinazorudishwa mzingani. Mshauri wa sera anayekinukuu bila kutoa ufafanuzi huo anaweza kutoa picha kwamba suala la mzinga limekwisha kudhibitiwa.

Ni muhimu pia kulinda uwiano. Kiasi cha metali kinachohama kutoka kwenye nta kwenda kwenye asali kwa kawaida ni kidogo, na hakuna sababu ya kuwafanya walaji waiogope asali ya Burundi. Sababu ya kujali ni kwamba Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachofahamika kuwa salama, na kwamba watoto ndio huathirika zaidi. Mwilini, risasi huiga kalsiamu na kukaa katika mifupa kwa miaka mingi. Anayeyeyusha nta nyumbani hufanya kazi hiyo karibu na watoto, na mara nyingi katika chombo kinachorudi jikoni.

4.0 Uchambuzi wa maneno matano

4.1 Nta

Katika Kiswahili sanifu neno nta halina utata mkubwa, ingawa hutumika pia kwa nta ya sikio na kwa vitu vingine vinavyofanana nayo. Katika Bujumbura hali ni tofauti. Katika Kirundi, 'nta' ni kikanushi kinachotangulia nomino: 'nta mazi' ni hakuna maji, na 'nta buki' ni hakuna asali. Msemaji wa Kirundi anayeona neno hilo peke yake kwenye ndoo au gunia hulisoma kwanza kama mwanzo wa ukanushi ambao haujakamilika. Katika mazungumzo, muktadha huondoa mkanganyiko. Katika lebo na fomu, ambazo hazina muktadha, mkanganyiko hubaki. Suluhisho ni jepesi: kuandika daima nta ya nyuki, kwa ukamilifu, hata pale ambapo msomaji wa Dar es Salaam angeona ni maneno ya ziada.

4.2 Metali nzito

Kiswahili kina visawe kadhaa vya dhana hii. Maandishi ya kitaaluma hupendelea metali nzito. Matini nyingine hutumia madini mazito. Kukosekana kwa usanifishaji ni tatizo, lakini si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi ni sifa yenyewe ya uzito.

Kila mfugaji nyuki anajua kwamba nta ikiachwa ipoe juu ya maji, uchafu hushuka na kujikusanya chini ya donge, ambapo hukwanguliwa kwa kisu. Anayeambiwa kwamba nta ina metali nzito ana kila sababu ya kuhitimisha kwamba metali hizo pia zimezama, na kwamba kukwangua kunatosha. Hitimisho hilo ni sahihi kwa chembe za vumbi tu. Metali iliyoungana na asidi za nta haizami, bali imeenea katika donge lote. Hapa istilahi inashirikiana na ujuzi halisi wa mfugaji kuzalisha kosa, na kosa la namna hiyo ni gumu kulirekebisha kwa sababu lina mantiki.

Katika Kirundi kuna ugumu mwingine. Neno 'icuma', kama chuma cha Kiswahili, humaanisha chuma, kifaa cha chuma, na hata kisu. Kusema kwamba kuna 'ivyuma' katika nta kunaleta picha ya misumari au vipande vya waya.

Wanakemia wenyewe wameitilia shaka dhana hii. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Pure and Applied Chemistry ilionyesha kwamba neno hilo halina fasili moja inayokubalika: vigezo vya msongamano, namba ya atomi na usumu vimetumika kwa kubadilishana, na aseniki huingizwa katika kundi hili ingawa si metali kamili. Hivyo basi, hakuna hasara ya kisayansi katika kuepuka jina la kundi na kuitaja elementi husika kwa jina lake.

4.3 Risasi

Kuitaja elementi kwa jina kunaleta tatizo jingine, kwa sababu iliyo muhimu kuliko zote ina jina la kitu kinachotoka katika bunduki. Neno risasi lina asili ya Kiarabu na lilitaja metali kabla ya kutaja kile kilichotengenezwa kwayo. Leo mpangilio huo umegeuka. Katika nchi iliyopitia vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwaka 1993, maana ya pili ndiyo inayomjia msikilizaji kwanza. Sentensi kama nta hii ina risasi, ikitamkwa katika mkutano wa ushirika, inaweza kuzua kicheko au mshtuko, na vyote viwili humpotezea mtoa mada nafasi yake.

Anayekimbilia Kifaransa hapati nafuu kamili, kwa maana 'plomb' nalo hutumika kwa metali na pia kwa vidonge vya bunduki ya kuwindia. Umbo la kitaalamu plumbi, linalotokana na Kilatini, limejitokeza katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili, lakini halina taswira yoyote kwa asiyesoma kemia. Utata wa maana hauondolewi kwa neno jipya peke yake. Huondolewa pia kwa kuliweka neno katika kundi lake: madini ya risasi, yale yanayowekwa ndani ya betri za magari. Maelezo hayo yanamweleza mfugaji ni kitu gani na pia kinatoka wapi.

Majina mengine hayana mzigo kama huo. Zebaki inafahamika kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Aseniki na kadimi, ambayo huandikwa pia kadimiamu, ni maneno mageni kwa wengi, na ugeni huo unaweza kuwa faida: neno lisilo na maana ya awali hupokea maana linayopewa.

4.4 Sumu

Sumu katika matumizi ya kawaida ni kitu kinachodhuru haraka. Mtu hula, huugua, pengine hufa. Kirundi kina 'uburozi', neno linalogusa pia uchawi, na 'umurozi' ni mtu anayewawekea wengine sumu kwa nia mbaya. Ikiwa tangazo la Kiswahili linasema nta ina sumu, na msikilizaji akalitafsiri moyoni kwa Kirundi, swali litakalofuata si chombo gani kilitumika bali ni nani aliyeweka. Katika ushirika mdogo ambamo watu wanajuana, swali hilo linaweza kuvunja mahusiano kabla donge moja halijapimwa.

Aidha, yule anayetarajia madhara ya haraka na asiyaone hukata shauri kwamba tangazo lilikuwa la uongo. Amekula asali kutoka mzinga huo miaka yote, na mzima. Kwa hiyo ni afadhali kutumia vitenzi vinavyobeba wazo la muda: kulimbikizana, kurundikana, kudhuru polepole.

4.5 Safi

Hili ndilo neno linaloleta madhara makubwa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linalozoeleka zaidi. Nta safi, kwa mfanyabiashara na kwa mfugaji, ni nta ya manjano, inayong'aa, isiyo na takataka. Bei hupangwa kwa kigezo hicho. Lakini risasi haibadilishi rangi ya nta kwa namna inayoonekana. Donge zuri kuliko yote sokoni linaweza kuwa lile lililoyeyushwa mara nyingi na kuchujwa kwa uangalifu katika pipa lisilofaa.

Kisarufi, Kiswahili kinatoa njia ya kutokea. Kitenzi kuchafuka, chenye mnyambuliko wa kutendeka, kinaeleza hali bila kutaja mtendaji. Kuchafuliwa, chenye mnyambuliko wa kutendwa, kinaashiria kwamba kuna chanzo. Vyote viwili, hata hivyo, vimejengwa juu ya wazo la uchafu unaoonekana. Kiswahili kina pia kuingiwa na, kama katika kuingiwa na maji au kuingiwa na hofu, ambacho hakidai kionekane kwa macho. Nta iliyoingiwa na madini ya risasi ni fungu la maneno la kawaida, linaloeleweka na yeyote, na linamwachia msikilizaji swali sahihi: yameingia kwa njia ipi?

5.0 Lugha na mnyororo wa nta katika Bujumbura

Maneno haya hayasambai kwa usawa. Kirundi ndiyo lugha ya takriban Warundi wote, na mfugaji wa vilimani hupokea maelekezo kwa lugha hiyo. Kifaransa ni lugha ya ripoti za maabara na ya sehemu kubwa ya utawala. Kiingereza kilipewa hadhi rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Kiswahili ni lugha ya mjini na ya biashara, hasa katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza na kando ya ziwa, njia inayoelekea Uvira na Kigoma.

Mgawanyo huo una athari mahususi. Buyenzi inajulikana kwa Kiswahili chake na pia kwa mafundi wake wa magari na wa vyuma. Fundi wa kusubu sufuria, wa kulehemu ndoo na wa kuuza mapipa yaliyotumika hufanya kazi yake kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa. Mnunuzi anayevusha nta mpakani naye hutumia Kiswahili. Kwa hiyo ujumbe wa Kirundi peke yake humfikia mwenye mzinga bila kumfikia mtengenezaji wa chombo, na ujumbe wa Kifaransa unaweza kubaki katika faili bila kumfikia yeyote kati yao. Kampeni inayolenga wafugaji tu itakuwa imeacha kando watu wanaoweza kuondoa chanzo kimoja cha tatizo kwa kubadilisha malighafi yao.

Hoja hii inakwenda kinyume na mazoea ya kukitazama Kiswahili nchini Burundi kama lugha ya nyongeza inayohitajika kwa ajili ya mikutano ya Jumuiya. Katika suala la nta, Kiswahili ni lugha ya kiungo cha kati cha mnyororo, na kiungo hicho ndicho chenye pipa.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, taasisi za lugha, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zikubaliane juu ya umbo moja la dhana ya kundi kwa ajili ya maandishi ya kitaaluma. Makala hii inapendekeza metali nzito. Katika maelekezo kwa umma, jina la kundi liepukwe na elementi itajwe kwa jina pamoja na chanzo chake.

Pili, nyaraka za viwango zinazotafsiriwa kwa Kiswahili zitenganishe nta safi kwa macho na nta iliyopimwa. Mamlaka ya viwango ya Burundi, BBN, na wenzake katika nchi jirani wanaweza kutumia nta iliyopimwa metali kama kigezo cha lebo, mradi lebo itaje tarehe ya kipimo na kiasi kilichopatikana.

Tatu, nta igawanywe katika njia mbili. Nta mpya, inayotokana na vifuniko vya vyumba vya asali na masega machanga, itumike kwa karatasi za nta na chambo. Nta ya masega ya zamani, au isiyojulikana ilikotoka, ielekezwe kwenye matumizi yasiyogusa chakula, kama vile kung'arisha mbao. Utaratibu huu hauhitaji maabara.

Nne, maelekezo ya Kirundi yatungwe na wasemaji wa Kirundi kutokana na dhana, si kutafsiriwa neno kwa neno kutoka Kifaransa au Kiswahili.

Kama mfano, matini ifuatayo imeandikwa kwa kuzingatia uchambuzi wa sehemu ya nne. Inaweza kusomwa kwa sauti chini ya dakika moja:

"Nta ya nyuki inaweza kuingiwa na madini ya risasi, yale yanayowekwa ndani ya betri za magari. Huwezi kuyaona wala kuyanusa, na nta inayong'aa inaweza kuwa nayo. Kukwangua chini ya donge au kuyeyusha tena hakuyaondoi. Mara nyingi hutoka katika chombo: pipa lililokuwa na rangi au mafuta ya mitambo, ndoo iliyolehemiwa, sufuria iliyosubuliwa kwa chakavu. Yeyusha nta katika chombo cha chuma kisichoshika kutu, au chenye enameli isiyobanduka, na kitengwe kwa kazi hiyo tu. Tumia maji ya mvua yaliyo safi. Rudisha mzingani nta mpya uliyovuna mwenyewe. Madini haya hudhuru polepole, hasa watoto. Wasikae karibu wakati wa kuyeyusha."

Matini haina neno sumu, wala metali nzito, wala nta safi. Kila tahadhari imefungamanishwa na kitendo ambacho mfugaji au fundi anaweza kukifanya.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba metali huingia katika nta ya nyuki kupitia mazingira, vyombo na mzunguko wa kuyeyusha, na kwamba Kiswahili kinachotumika kulieleza jambo hili kina maneno yanayoelekeza mahali pasipo. Uzito unaashiria kuzama, risasi inaashiria vita, sumu inaashiria adui, na usafi unaashiria rangi. Maneno hayo si mabaya kwa asili yake, na hakuna haja ya kuyafuta katika lugha. Kinachohitajika ni waandaaji wa maelekezo kutambua kile ambacho msikilizaji wao anakijua tayari, kisha kuchagua maneno yanayoshirikiana na ujuzi huo badala ya kupambana nao.

Sifa ya nta ya Afrika Mashariki ilijengwa na wafugaji wasioijua maabara. Kuilinda kutahitaji maabara, lakini pia kutahitaji matokeo ya maabara yatoke huko yakiwa katika lugha inayozungumzwa mzinga unakofunguliwa na katika karakana sufuria inakosubuliwa.